Hodi Kabla ya Kuchimba: Adabu za Mtafutaji wa Vitu vya Kale Ardhini

Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, mwanajeshi wa anga wa Australia aitwaye Maurie Isenberg, aliyepangiwa kazi ya rada katika visiwa vya Wessel kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa pwani. Nne zilikuwa za Waholanzi, ambao meli zao zilijulikana kupita pande hizo. Tano zilikuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Alizitia katika kikebe cha tumbaku, zikakaa humo zaidi ya miaka 30 kabla hazijafika mikononi mwa wataalamu wa makumbusho. Mpaka leo watu wanabishana zilivukaje Bahari ya Hindi yote hiyo, na ubishi hauishi kwa sababu kilichobaki ni sarafu zenyewe pamoja na alama aliyoiweka kwenye ramani. Zililala kina gani, zilikuwa zimekaa pamoja au zimetawanyika, na palikuwa na nini kingine kando yake ni maswali ambayo yeye, kijana aliyekuwa vitani, hakuwa na sababu ya kujiuliza siku ile.

Linganisha na Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ambako mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo sarafu chache za dhahabu za Wafatimi, ukoo wa makhalifa waliotawala Misri. Zile za fedha zilikuwa na majina ya watawala wa pwani lakini hazina mwaka, ilhali za dhahabu ziliweza kujulikana umri wake. Kwa kuwa zilikutwa mahali pamoja, na waliozikuta walikuwa wakiandika kila kitu, dhahabu iliweza kuitolea ushahidi fedha. Laiti mtu angezichota usiku na kuziuza moja moja, tungebaki na vipande vya fedha visivyosema lolote.

Nimeanza na visa hivi viwili kwa sababu ndani yake mna karibu kila ninachotaka kumwambia mtu anayenunua ditekta ya kwanza, yaani kile kifaa cha kugundua chuma kinacholia sikioni kinapopita juu ya kitu kilichofukiwa. Burudani hii imeenea sana Uingereza, na Waswahili wanaoishi huko nao wanaionja, hasa wale ambao watoto wao wanapenda kuzunguka mashambani siku za mapumziko. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu zaidi England na Wales, ambako sheria inaruhusu mengi, kisha utarudi nyumbani, ambako sheria inaruhusu machache, na kwa haki.

Kupiga hodi

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa maana ya hodi. Unabisha, unasubiri, unabisha tena, na usipoitikiwa unageuka kurudi ulikotoka. Kanuni ya kwanza ya kutafuta vitu ardhini ni hiyo hiyo, kwa kuwa England hakuna shamba lisilo na mwenyewe, hata kama halina uzio wala mtu. Njia ya umma inayokatiza shambani inakupa haki ya kupita kwa miguu, haikupi haki ya kuchimba hata kijishimo cha kidole. Ardhi ya halmashauri, bustani za watu wote na misitu nayo ina mamlaka yake, na jibu la mamlaka hizo mara nyingi huwa ni hapana. Taasisi ya National Trust, kwa mfano, hairuhusu burudani hii katika maeneo yake.

Mtafute mwenye ardhi mapema, mchana, ukiwa umevaa kama mtu anayekwenda kumwona mkwe, wala usimwendee na ditekta begani kana kwamba jibu umeshalipata. Jitambulishe, eleza unachokusudia, siku ngapi na watu wangapi. Ikiwa shamba limekodishwa, utahitaji ridhaa ya mwenye mali na ya mkulima anayelilima pia, kwa maana wa kwanza ana haki juu ya vitu vilivyomo na wa pili ana mazao juu yake. Makubaliano yaandikwe, hata karatasi moja inatosha, na yataje waziwazi namna mtakavyogawana kitakachopatikana. Desturi ya wengi ni nusu kwa nusu, lakini kumbuka kwamba kitu ambacho kisheria si hazina ni mali ya mwenye ardhi, hivyo nusu yako inatokana na ukarimu wake. Nimewahi kusikia marafiki wakiliona jambo la karatasi kuwa ni kutoaminiana. Mimi naona karatasi ndiyo inayolinda urafiki siku dhahabu inapoonekana, kwa sababu kabla haijaonekana kila mtu ni mkarimu.

Kuna mahali ambapo hata ridhaa ya mwenye ardhi haitoshi. Sheria ya mwaka 1979 ya majengo na maeneo ya kale inafanya kuwa kosa la jinai kutumia ditekta katika eneo la kale lililosajiliwa bila kibali maalumu, na orodha ya maeneo hayo iko wazi kwenye intaneti pamoja na ramani zake, kwa hiyo kusema hukujua hakukusaidii. Pwani nyingi zilizo kati ya maji kupwa na maji kujaa ziko chini ya Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za Taji, yaani za ufalme wa Uingereza, ambayo inaruhusu utafutaji, lakini si zote, na inafaa kuuliza. Mto Thames ndani ya London una utaratibu wake, ambapo huruhusiwi hata kuokota kitu kwa macho tu kwenye matope yake bila leseni ya mamlaka ya bandari ya London, na leseni ya kawaida hairuhusu kuchimba zaidi ya sentimita 7.5. Ukivuka mpaka, mambo hubadilika kabisa. Katika Jamhuri ya Ireland ni kosa kutumia ditekta kutafuta vitu vya kale bila idhini ya serikali, na Scotland kila kitu cha kale kisicho na mwenyewe ni cha Taji na lazima kiripotiwe, kiwe cha dhahabu au kifungo cha shaba.

Namna ya kufungua ardhi na kuifunga

Vaa vipokea sauti masikioni, kwa faida yako na kwa utulivu wa waliokuzunguka. Shambani pita kwenye ardhi iliyolimwa na ambayo bado haijapandwa, au baada ya mavuno, na usikanyage miche hata ikiwa mwenye shamba amesema si neno, kwani huenda amesema hivyo kwa haya. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge, na ulilolikuta wazi liache wazi, maana mkulima ana sababu zake. Majira ya kuzaliana kwa kondoo usiingie malishoni kabisa.

Kwenye majani, kata kipande cha udongo kwa umbo la kiatu cha farasi, pande tatu tu, upande wa nne ubaki umeshikana na ardhi kama mfuniko wenye bawaba. Ukiinue taratibu pamoja na mizizi yake, udongo wa chini uutie juu ya kipande cha turubai au plastiki badala ya kuumwaga kwenye majani, kisha pitisha kifaa tena shimoni ili ujue kama kilichokuwa kikilia kimetoka. Ukimaliza, rudisha udongo wote, shusha mfuniko na uukanyage kwa mguu hadi usawa wa ardhi. Kipimo cha kazi njema ni kwamba wewe mwenyewe ukigeuka baada ya hatua kumi usipaone. Shimo lililoachwa wazi linaweza kuvunja mguu wa ng'ombe au farasi, na mkulima aliyepoteza mnyama hatampokea tena mtafutaji yeyote, hata yule mwenye adabu zake.

Kina nacho kina heshima yake. Ardhi ya juu, ile inayopinduliwa na plau kila mwaka, imekwisha kuvurugwa, na kitu kilichomo humo tayari kimetoka mahali pake pa asili. Chini ya hapo udongo umetulia tangu zamani, na tabaka zake ni kurasa ambazo mwanaakiolojia anajua kuzisoma na wewe hujui. Mlio ukikuonyesha kuwa kitu kiko chini ya kina cha plau, acha.

Takataka nyingi zaidi kuliko vitu vya thamani ndizo utakazofukua, kama vile vifuniko vya chupa, misumari, makopo, risasi za uwindaji na vipande vya madini laini ya risasi. Zote zibebe nyumbani, ukianza na zile zenye makali. Ukikuta kitu chenye umbo la bomu au kombora, usikiguse, usikigeuze, usikipige picha kwa karibu. Weka alama mbali nacho, ondoka, na upige simu 999, kwa maana vita viwili vikuu viliacha mengi ambayo bado yanaweza kulipuka. Ukikuta mifupa ya binadamu, simama papo hapo na uite polisi.

Daftari ni chombo cha kazi kama jembe

Hapa ndipo watu wengi wazuri wanapokosea, kwa sababu hakuna anayewaona. Kila kitu unachokitoa ardhini kiandikie mahali kilipotoka siku ile ile. Simu ya kawaida inaweza kukupa namba za gridi za ramani za Uingereza. Namba zenye tarakimu sita zinaonyesha eneo la mita 100 kwa 100, zenye nane ni mita 10 kwa 10, na zenye kumi ni mita moja. Tumia nane au kumi. Tia kila kitu katika mfuko wake mdogo, andika namba juu ya mfuko, na katika daftari andika namba hiyo, kina, aina ya udongo na vitu vilivyokuwa karibu. Kifungo cha Kirumi kilichovunjika hakina bei sokoni, lakini vifungo kumi vya namna hiyo vilivyowekwa alama kwenye ramani vinaweza kuonyesha palipokuwa na nyumba ambayo hakuna aliyejua kuwapo kwake.

Tangu mwaka 1997 kuna mpango wa hiari, unaosimamiwa na British Museum pamoja na makumbusho ya taifa ya Wales, ambao maafisa wake wako katika maeneo mbalimbali ya nchi na kazi yao ni kupokea wanaookota vitu, kuvitambua, kuvipiga picha na kuviandika katika hifadhidata iliyo wazi kwa umma, kisha kuvirudisha kwa wenyewe. Hifadhidata hiyo sasa ina vitu zaidi ya milioni moja. Mjue afisa wa eneo lako kabla hujapata kitu, umpelekee hata vitu vidogo, na usiogope kuonekana mjinga. Mahali halisi huwa hapatangazwi kwa umma kwa usahihi wote, kwa hiyo hofu kwamba wezi watafuata njia yako haina msingi mkubwa. Hofu hiyo ihamishie kwenye picha unazozituma kwa marafiki, zenye mti wa pekee na mnara wa kanisa nyuma yake.

Mlio usiokwisha

Aprili 2010, karibu na mji wa Frome katika Somerset, Dave Crisp alichimba mahali palipolia ajabu, akakuta mdomo wa chungu na sarafu ndogo za Kirumi. Alifanya jambo gumu kuliko yote katika burudani hii, nalo ni kuacha. Alifukia shimo, akamjulisha afisa, akarudi na wanaakiolojia. Chungu kilikuwa na sarafu 52,503, uzito wa kilo kama 160. Wachimbaji walizitoa kwa matabaka, kila tabaka na mfuko wake, na kwa njia hiyo ikagundulika kwamba sarafu za Carausius, aliyeitawala Britania mwishoni mwa karne ya tatu na ambazo zilikuwa miongoni mwa za karibuni zaidi, hazikuwa juu kama ambavyo zingekuwa katika kibubu kinachojazwa mwaka hadi mwaka. Nyingi zilikuwa chini ya katikati. Maana yake chungu kilizikwa kwanza, kisha kikajazwa kwa mara moja, na hapo wataalamu wakaanza kujiuliza kama ilikuwa sadaka badala ya akiba. Crisp angechota kwa ndoo jioni ile, sarafu zingekuwa zile zile 52,503 na swali hilo lisingezaliwa.

Miaka mitano baadaye, karibu na Leominster katika Herefordshire, watu wawili waliingia shambani bila ruhusa wakapata hazina ya zama za Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, yenye vito vya dhahabu na kwa makadirio sarafu kama 300. Hawakuripoti. Waligawana, wakaanza kuuza kidogo kidogo. Picha walizokuwa wamezifuta kwenye simu zilirudishwa na polisi zikaonyesha hazina ikiwa bado nzima, na mwaka 2019 walihukumiwa vifungo vya miaka 10 na miaka 8 na nusu, ingawa baadaye rufaa ilivipunguza. Kinachouma ni kwamba miongoni mwa sarafu chache zilizopatikana tena, 31 tu wakati wa kesi, zimo zinazowaonyesha wafalme Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia wakiwa pamoja, ushahidi wa urafiki ambao waandishi wa upande wa Alfred waliufuta kimyakimya. Zilizobaki ziko wapi, na zilikuwa zinasema nini?

Kwa hiyo ukisikia mlio usiokwisha, au ukitoa sarafu ya pili na ya tatu shimo moja, simama. Piga picha, andika namba za gridi, funika, piga simu. Usiondoke ukiwa umeweka kijiti chenye kitambaa chekundu juu yake.

Sheria ya Hazina ya 1996, inayotumika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, inasema kwa ufupi kwamba ni hazina kitu kisicho sarafu chenye umri wa miaka 300 au zaidi na angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha; ni hazina sarafu mbili au zaidi za namna hiyo zilizopatikana pamoja, au kumi na kuendelea zikiwa za madini duni; na vitu vilivyokutwa navyo huhesabiwa pamoja. Tangu Julai 2023, huko England na Wales, kitu chenye chuma cha aina yoyote, cha miaka zaidi ya 200 na chenye umuhimu wa pekee kwa historia, nacho kinaweza kuingia. Una siku 14 za kuripoti kwa koronaa, yaani afisa wa sheria anayechunguza vifo vya ghafla na pia hazina, na kwa kawaida afisa wa eneo atakusaidia kufanya hivyo. Makumbusho ikikitaka kitu hicho, thamani yake hukadiriwa na malipo hugawanywa. Hazina ya Staffordshire ya mwaka 2009 ilikadiriwa kuwa pauni milioni 3.285, zikagawanywa kati ya aliyeipata na mwenye shamba. Mtu aliyeingia bila hodi anaweza kupunguziwa fungu lake au kulikosa kabisa.

Onyo moja dogo linalonihusu mwenyewe. Sarafu yangu ya kwanza nzuri niliisugua kwa limau, kama tulivyozoea kusugua sinia za shaba siku ya kuamkia Idi. Iling'aa, na maandishi yake yakaondoka na uchafu. Suuza udongo kwa maji safi ikiwa ni dhahabu, na vinginevyo usifanye lolote, mwachie mtaalamu.

Ukirudi pwani

Mazoea ya England yasifungwe ndani ya sanduku pamoja na ditekta. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, na zote zinataka kibali cha kuchimba mabaki ya kale na zinazuia kuyatoa nchini bila idhini. Zanzibar ina mamlaka zake za mambo ya kale. Ridhaa ya mwenye shamba la minazi haikutoshi hapa, wala ya mjumbe wa mtaa.

Kisha kuna mali ya Mjerumani. Ni kweli kwamba mwaka 1916 Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 mjini Tabora, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na nadhani kipande hiki kidogo cha ukweli ndicho kinachozipa uhai hadithi za masanduku yaliyofukiwa chini ya maboma na mibuyu. Anayekujia na ramani, rupia moja ya mfano na ombi la fedha za mganga anakuchimba wewe. Na shimo linalochimbwa usiku chini ya ukuta wa boma la kale huangusha ukuta, hata kama chini yake hamna kitu.

Makaburi ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Makaburi ya nguzo ya pwani, kama yale ya Kunduchi, yalipambwa kwa bakuli na sahani za Kichina, na nyingi zimebanduliwa, zikabaki duara tupu kwenye chokaa. Hao waliolala humo bado ni marehemu wa watu, wanaosomewa dua, na si maonyesho.

Ukitembea Kilwa Kisiwani maji yakiwa yamekupwa na ukaona sarafu ya shaba au kigae chenye rangi ya samawati, kiache kilipo. Weka kidole kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha moja ya karibu na moja ya mbali yenye jengo au mti, hifadhi mahali kwenye simu, na uende kwa mlinzi au ofisi ya mambo ya kale ukaonyeshe. Mtoto akikufuata na sarafu mkononi akitaka kukuuzia, usinunue, wala usimkaripie. Muulize kwa upole aliiokota wapi, kisha mwende wote wawili kwa mlinzi, yeye akiwa mbele kuonyesha njia.